Mkurugenzi wa mfuko wa bima ya afya anafanya kazi gani hasa? Tuliokaa dirishani tuongee

Karani wa Dirishani (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Juzi nipo kwenye daladala mzee mmoja ametoka kunyimwa dawa sijui wapi huko, anaongea kwa sauti gari zima linasikia, "huyo bosi wa bima anakula hela zetu amekaa kwenye kiyoyozi Dodoma", watu wakacheka, konda akaongezea yake, mimi nikaficha kitambulisho cha kazi ndani ya shati maana ningeulizwa maswali mpaka kituo cha mwisho. Mimi ni karani wa madai, yaani naandaa bili ambazo hospitali inaudai mfuko wa bima, hospitali yenyewe siitaji, ipo Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa tisa nashika fomu za bima. Sijawahi kuajiriwa na mfuko wowote kwa hiyo msinione chawa. Ila nikikaa nikiwaza naona watu wengi tunatukana kiti ambacho hatujui kinafanya nini, na kwa kuwa hatujui hata tukitukana tunatukana pasipo penyewe. Naongelea zaidi NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, maana ndio wengi tunaijua.

Kwanza kabisa, mkurugenzi hapangi unachokatwa. Sheria ya mfuko ni ya 1999, kazi ikaanza 2001 kwa watumishi wa serikali, 3% inatoka kwenye mshahara wako na 3% anatoa mwajiri, jumla 6% basi. Awe mkali awe malaika, hiyo 6% kaikuta na ataiacha. Na ndani ya hiyo 6% anaingia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, vichwa sita. Chukua mtumishi wa laki sita, kwa mwezi ni 36,000, kwa mwaka 432,000. Sasa katika hao sita atokee mmoja figo zimegoma, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, mwaka mzima mara 156. Bei halisi tuiache, tuseme tu laki moja kila mara ili hesabu iwe nyepesi, hapo ni milioni 15 na laki 6. Maana yake watumishi 36 wa mshahara ule wachange mwaka mzima na katika familia zao zote asiugue mtu hata mafua, ndio huyo mmoja aendelee kuishi. Na ni haki yake, bima ndio hiyo. Ila lazima awepo mtu ambaye hesabu hii inamnyima usingizi, na huyo ndio tunamtukana kwenye daladala.

Kwa hiyo mlango wa kuingilia hela hana ufunguo wake. Alichoshika ni mlango wa kutokea, na huo mlango unaitwa kitita. Kitita ni ile listi ndefu ya dawa, vipimo na upasuaji na bei ambayo mfuko utamlipa mtoa huduma. Mtu wa kawaida hajawahi kuiona lakini ndio inayoamua kama utaambiwa "ingia namba tatu" au "hii hatuna nenda kanunue". Ukishusha bei ya kumuona daktari bingwa kwa elfu chache tu, zidisha na watu wote nchi nzima wanaomuona bingwa, mfuko umepumua na hospitali imekabwa koo. Ukipandisha, kinyume chake. Kitita kilichokuwepo kilikuwa cha 2016, kikaja kipya kikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2024 na wote mnakumbuka kilichotokea, baadhi ya hospitali binafsi zikasema hatupokei kadi, watu wamefika na wagonjwa wao asubuhi wanakuta tangazo limebandikwa. Waziri Ummy Mwalimu akawa kwenye vyombo vya habari, chama cha hospitali binafsi nao wanajibu, mkurugenzi yupo katikati, huku anaambiwa mfuko unakufa huku anaambiwa unaua hospitali.

Na wote wawili walikuwa wanasema kweli, hapo ndio ugumu wa kazi.

Halafu kuna madai, huku ndio kwangu. Mwisho wa mwezi chumba chetu ukiingia huoni meza, ni fomu 2A na 2B zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani, hii daktari hajasaini, hii kaandika ugonjwa mwandiko wa kuku, hii mgonjwa kasahau kuweka sahihi na ameshapanda basi la Geita. Mfuko wanazipitia, wakiona kitu hakijakaa sawa wanakata. Mwaka fulani lilirudi fungu langu limekatwa, nikasema hawa watu wanatuonea, nikafungua faili kwa hasira, nakuta mimi mwenyewe nimeandika siku tano za kulazwa na faili linasema nne. Siku moja ya kitanda. Nikafunga faili kimya kimya nikaenda kunywa chai.

Sasa ninachosema ni hiki. Tukitaka kumpima mkurugenzi tusimpime kwa gari. Tumpime kwa siku ambazo madai safi yanakaa bila kulipwa, na kwa namna anavyotuambia anapopunguza kitu. Hayo mawili yako mikononi mwake kabisa hawezi kumsingizia mtu.

Nawasilisha.

---

Kijukuu cha Mwisho

Nakaa hapa mbele kabisa, uzi mtamu huu.

---

Mbishi wa Buguruni

Mkuu umeandika vizuri ila unawapamba. Hela hakuna, sawa, mbona za semina zipo? Mbona za kujenga zipo? CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameshaandika zaidi ya mara moja kwamba mfuko unatumia kuliko unavyokusanya na kila mara tunasoma tunasahau. Mimi sina ugomvi na hesabu yako ya figo, ugomvi wangu ni kwamba mtu akiharibu anahamishwa anapewa kiti kingine.

---

Karani wa Dirishani

Mkuu Mbishi sijampamba mtu, soma tena. Na hilo la CAG ndio linanipa nguvu. CAG akiandika kwamba mfuko una nakisi anamwandikia nani? Ana bodi juu yake, ana Wizara ya Afya, ana Msajili wa Hazina, na kamati ya Bunge inamwita anakaa pale anaulizwa swali moja mara nne. Yote hayo anajibu yeye. Lakini maamuzi makubwa yaliyoleta nakisi mengi hayakuanzia mezani kwake, mfuko umekopesha serikali, mfuko umebebeshwa makundi ambayo mchango wao haufanani na matumizi yao. Mkurugenzi mzuri hapo ni yule anayeandika barua mapema akasema hiki kitatuua, akaandika tena, na kopi akaweka kwenye faili. Barua hizo sisi hatuzioni.

---

Mbishi wa Buguruni

Barua. Haya bwana.

---

Mama Wawili

Mimi sitaki hesabu, mimi naomba mtu anijibu kuhusu 2023. Nilikuwa na Toto Afya Kadi ya watoto wangu wawili, 50,400 kila mmoja, nalipa kwa kujinyima vitenge maana baba yao hana ajira rasmi na mimi nauza maandazi. Mara tunasikia usajili wa mtoto mmoja mmoja umesitishwa, pitieni shuleni, au chukueni kifurushi cha familia. Wa kwangu mdogo alikuwa hajaanza shule. Nilikaa kwenye benchi pale nimeshika picha zake mbili za pasipoti nikawa sielewi niende wapi. Huyo mkurugenzi wenu wa barua alijua kuna mtoto hajaanza shule?

---

Karani wa Dirishani

Pole sana mama. Hilo swali ni gumu kuliko yote hapa na nitakujibu bila kona.

50,400 kwa mwaka ni 4,200 kwa mwezi. Bei ile ilipigwa kwa kutegemea kwamba wazazi wataleta watoto wote, wazima na wagonjwa, mzima ambebe mgonjwa. Kilichotokea na mfuko wenyewe walikisema hadharani, wazazi wengi walikuwa wanakuja kumkatia kadi mtoto akishagundulika ana tatizo, moyo, saratani, selimundu. Nami nimeona kwa macho, mtoto yupo wodini, baba anakimbia na fomu ya kujiunga. Ningekuwa mimi baba yake ningekimbia hivyo hivyo. Lakini kapu la watoto wagonjwa peke yao kwa 4,200 kwa mwezi halisimami, hakuna mkurugenzi duniani atalisimamisha.

Hapo alipotakiwa kubanwa sio kwenye kusitisha, ni kwenye namna. Mtu wa kwenye benchi alitakiwa ajue miezi kabla, na yule asiyeanza shule awe ameandikiwa mstari wake kwenye waraka. Hilo lilikuwa kazi yake na sioni kisingizio.

---

Mama Wawili

Asante kwa kunijibu kama mtu. Mtoto yupo la pili sasa hivi.

---

Dakta Mchana

Mimi nipo upande wa kalamu. Wagonjwa hawajui kwamba siku hizi nikiandika dawa kuna watu watatu kichwani kwangu, mgonjwa, kitabu, na mtu wa bima. Dawa iwe kwenye mwongozo wa taifa, iwe ya ngazi ya hospitali yangu, iwe na kibali kama ni ya gharama. Nipo hospitali ya wilaya, kuna dawa naijua, nimesomea, mgonjwa anaihitaji leo, lakini ngazi yangu hairuhusiwi, nampa rufaa aende mkoani akaandikiwe dawa ile ile na daktari tuliyesoma naye darasa moja. Nauli imepotea bure kabisa hapo. Mtu aliyeandika huo utaratibu hajawahi kupanda gari la saa kumi alfajiri na mgonjwa.

Ila pia niseme ukweli wa wenzangu. Kuna tunaoandika vipimo saba wakati viwili vinatosha kwa sababu kadi inalipa. Mgonjwa wa hela taslimu tunamuonea huruma, mgonjwa wa kadi tunamuona kama kisima. Siku za mwisho wa mwezi utaona kila mwenye kikohozi amepigwa picha ya kifua.

---

Ngosha Mpole

Dakta umejilipua 😂😂

---

Fundi Cherehani

Hii ya kadi mimi nimeishuhudia dirishani kwa macho. Nipo foleni nyuma ya jamaa mmoja, kanyoosha kadi, dada wa mapokezi kaangalia picha kaangalia uso, akauliza kwa upole tu "kaka naomba tarehe ya kuzaliwa". Jamaa akaangalia juu kwenye feni. Akasema mwaka. Dada akasema naomba na mwezi. Jamaa akaangalia tena feni. Nyuma yake kuna mwanamke, nadhani mke wa mwenye kadi, anamnong'oneza "wa sita, wa sita". Dada kachukua kadi akaiweka pembeni akasema nenda pale mlango wa pili. Nasikia sasa hivi wanaweka vidole na sura hapo hapo, naona wamechelewa sana, ila na mimi moyoni nilimuonea huruma maana alikuwa anatetemeka homa kweli.

---

Karani wa Dirishani

Hapo ndio penyewe Fundi. Mkurugenzi akiweka alama za vidole anaokoa hela nyingi kimya kimya na hakuna atakayempigia makofi. Ila sistimu ikigoma saa tatu asubuhi, mama mjamzito amesimama kidole hakisomi maana amelima miaka ishirini vidole vimesuguka, hilo litaenda TikTok kabla ya saa nne. Na kosa ni lake pia, alitakiwa kuwa na njia ya pili.

---

Mwana wa Kisumu

Hamjambo ndugu wa Bongo. Nyinyi mnalia na mkurugenzi mmoja, sisi huku Kenya tulibadilisha nyumba nzima. NHIF yetu ilikuwa kongwe tangu 1966, mwenye mshahara wa laki moja na zaidi alikuwa anakatwa 1,700 peke yake, ikaja sheria ya 2023, tarehe 1 Oktoba 2024 tukaamkia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, sasa ni 2.75% ya mshahara wote bila kikomo cha juu na asiye na payslip analipa si chini ya 300 kwa mwezi. Kabla ya hapo Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema sheria hiyo ina kasoro na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hiyo hukumu, kwa hivyo fikiria wewe ndiye mkubwa wa hiyo ofisi, hujui kama kesho sheria yako iko hai ama imekufa na wagonjwa wako kwa laini wanangoja mashine iwatambue. Hizo wiki za kwanza nilimpeleka mzee wangu kliniki ya sukari na karani alikuwa anaita jina, anarudi kwa kompyuta, anaita tena. Tulitoka pale jioni tukalipa kwa mfuko wetu.

Nakubali na mwenye uzi. Hawa wakubwa wapimwe kwa siku za kulipa hospitali. Hospitali ikikosa kulipwa haipigi simu kwa mkurugenzi, inamwambia mgonjwa "system iko chini".

---

Karani wa Dirishani

Hiyo "system iko chini" hata huku ipo, jirani. Sio zote ni uongo ila sio zote ni kweli.

---

Mhasibu Mstaafu

Vijana nimesoma wote, sasa niulize. Anayefaa kukaa pale ni daktari au mhasibu? Mimi nimekaa kwenye mifuko ya jamii miaka mingi, sio huo, na nawaambia daktari akikaa pale atahurumia, mhasibu akikaa pale atabana, wote watafeli. Anayetakiwa ni mtu anayesikiliza watu wa aktuaria, wale wanaopiga hesabu za mfuko za miaka ijayo. Ile tathmini ya uhai wa mfuko sio kitabu cha kupigia picha. Inakuambia, kwa matumizi haya na mchango huu, mfuko utafika mwaka fulani utakauka. Wakubwa wengi wanaisoma ukurasa wa kwanza tu.

Bernard Konga alikaa mpaka 2024, akaja Dk Irene Isaka ambaye watu wa mifuko ya jamii tunamkumbuka tangu SSRA, mamlaka ya kusimamia mifuko ya jamii, alipokuwa anasimamia mifuko yote. Mtu aliyetoka upande wa usimamizi kuja kuendesha ni kama refa amepewa timu. Anajua rafu zote. Tuone sasa kama anajua kufunga magoli.

---

Dakta Mchana

Mzee wangu shikamoo. Nakubali ila ungesema pia awe na madaktari wanaomwambia hapana. Aktuaria atakuambia usafishaji damu unakula mfuko. Daktari atakuambia kwa nini, kwamba presha na sukari za watu hao zingetibiwa zahanati miaka kumi nyuma kwa vidonge vya bei rahisi tusingefika huku. Mfuko unalipa kwa furaha mwisho wa safari na unabania mwanzo wa safari. Huyo mkurugenzi akigeuza hiyo tu, nitamjengea sanamu.

---

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Na hapo umesema jambo.

---

Mkulima wa Mpunga

Mnaongelea watumishi wenye mishahara. Sisi wa CHF, mfuko wa afya ya jamii, je? Ilianzia Igunga miaka ya tisini, ikaja iliyoboreshwa, ilikuwa 30,000 kaya nzima ya watu sita kwa mwaka, na hata hiyo wakati wa kupalilia hatukuwa nayo. Mwaka 2019 vikaja vifurushi vya NHIF, Najali, Wekeza, Timiza, cha chini kabisa 192,000 kwa mtu mmoja. Mimi nikisikia sheria ya bima kwa wote iliyopita Bungeni Novemba 2023 nauliza kitu kimoja tu, mvua isiponyesha nani ananilipia?

---

Karani wa Dirishani

Mkulima sheria ile imeweka mfuko wa wasio na uwezo, hela yake imepangwa itoke kwenye kodi za vitu kama soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Yaani anayebeti mjini anakuchangia wewe. Ugumu utakuwa kwenye kumtambua asiye na uwezo. Wewe una ekari mbili za mpunga, mwaka wa mvua ni tajiri, mwaka wa ukame ni maskini, fomu ina kisanduku kimoja tu cha kuweka tiki. Mimi ningekuwa mkurugenzi ningeanza na hicho kisanduku kabla ya kuzindua kitu chochote na kuchinja ng'ombe.

---

Mkulima wa Mpunga

Ng'ombe wenyewe watatoka kwetu 😄

---

Mbishi wa Buguruni

Nimerudi. Nimekubali moja tu, hilo la siku za madai. Basi waziweke hadharani. Kila mwezi, wilaya kwa wilaya, madai yaliyoingia, yaliyolipwa, yaliyokatwa na sababu, na siku ngapi. Wabandike hata pale getini. Mbona TANESCO anatuambia umeme unakatika mtaa gani saa ngapi. Wakibandika hayo mimi naacha kutukana, na mzee wa kwenye daladala nitamtafuta nimwonyeshe.

---

Karani wa Dirishani

Mkuu na sisi makarani tubandikwe basi, fomu ngapi tumekosea wenyewe. Tutaona aibu lakini poa.

---

Binti wa Ifakara

Samahani nje ya mada kidogo, baba yangu anastaafu mwezi wa saba, kadi inakufa siku hiyo hiyo?

---

Karani wa Dirishani

Hapana dada, mstaafu akitimiza masharti ya muda wa kuchangia, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kukatwa tena. Watoto ndio wanatoka. Mwambie aende ofisi ya mfuko ya mkoa mapema na barua yake ya kustaafu, asisubiri mpaka aumwe, na majina kwenye barua yafanane na ya kwenye kadi herufi kwa herufi maana nimeona mzee amehangaika wiki mbili kwa sababu ya "Mohamed" na "Mohamedi".

Nimeitwa huku, mtandao umerudi na nina fomu arobaini hazijaingia.